Mwaka Tuliolala na Sanduku

Tulimzika Hajati Zaituni wiki mbili zilizopita, hapa hapa Nabuyonga, mjini Mbale, na shangazi yangu hakwenda msibani. Kutoka nyumbani kwetu hadi kwa binti wa marehemu ni kuvuka barabara na kupita shule moja tu, na tangu asubuhi sauti za wanawake waliokuwa wakimenya matoke zilitufikia hadi jikoni. Shangazi alinipa rambirambi ndani ya bahasha, akaniambia niseme miguu inamsumbua, kisha akarudi kukaa. Miguu yake ni mizima. Kule msibani nikamkuta Mama Apolot, aliyetoka Jinja alfajiri, ameketi mkekani anachambua mchele. Alinikumbatia, akanishika shavu kama mtoto mdogo, akaniuliza habari za kazi yangu ya ualimu, za uchumba, hata za jino lililokuwa likinitesa nilipokuwa msichana. Habari za shangazi hakuuliza. Yeye na shangazi walikuwa majirani ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi, wakiazimana chumvi, makaa na viatu vya kwendea harusini, na hakuuliza hata kama yu hai. Niliporudi na sahani ya pilau iliyofunikwa, shangazi alitaka kujua nani na nani walikuja. Nikawataja mmoja mmoja, na nilipofika kwa Mama Apolot akageukia dirishani akaniambia pilau ile imezidi chumvi. Ilikuwa haina chumvi kabisa. Usiku ule niliona kwamba mwaka wa korona, ambao humu ndani hatuutaji, bado tunakaa nao meza moja.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza sekondari, nakaa kwa shangazi kule Nalufenya, Jinja. Chumba chetu kilikuwa kimoja kati ya vyumba sita vilivyotazamana na ua wenye bomba moja la maji. Pazia la maua lilikigawa: ndani kitanda, nje cherehani, jiko la makaa, ndoo mbili na kiti cha mteja. Chini ya meza ya cherehani, likiwa limefunikwa kipande cha kitenge, lilikaa sanduku la kikundi cha akina mama kilichoitwa Tuinuane. Lilikuwa sanduku la bati, la kijani, lenye makufuli matatu. Kila Jumapili mchana wanawake walikuja, wakaketi kwa mduara uani, kila mmoja akaweka alichojaliwa, na mwenye shida akakopa akarudisha na faida kidogo. Mara moja kwa mwaka sanduku lilimwagwa, na kila mtu akapata haki yake. Sheria zao zilikuwa ngumu kuliko za serikali. Anayetunza sanduku hashiki ufunguo. Wanaoshika funguo ni watatu, kila mmoja na kufuli lake, na sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu waketi mbele ya wenzao na kila mmoja afungue kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi Safina, fundi cherehani, ndiye aliyetunza sanduku. Funguo zilikuwa kwa Hajati Zaituni, kwa Mama Apolot wa chumba cha pili, na kwa Mama Hilda, ambaye mumewe alikuwa na duka la jumla la unga, sukari na mafuta ya kula kule mjini.

Walikuwa na desturi nyingine, ambayo wakati wa raha tuliiona nzuri. Kabla ya kufunga mkutano, jumla ya pesa iliyobaki sandukuni ilitamkwa kwa sauti, na wanachama wote wakairudia kwa pamoja mara tatu, ili asitokee wa kusema kesho kwamba alisikia vingine. Basi ua mzima ukaijua. Waume zao wakaijua, mwenye nyumba akaijua, na watoto wakaifanya wimbo wa kurukia kamba. Mwezi ule wa Machi mgao ulikuwa umekaribia, mikopo yote imekwisha kurudishwa, na sanduku halijawahi kuwa zito namna ile. Hajati Zaituni akaenda Mbale kumwuguza binti yake aliyejifungua, akasema anakaa wiki moja. Ndani ya wiki hiyo redio ikatangaza: mabasi yasimame, boda zisibebe watu, masoko ya nguo yafungwe, mtu asionekane nje baada ya saa moja jioni. Hajati akabaki Mbale, na ufunguo wake shingoni. Na sisi tukabaki na sanduku, na watoto uani wakiendelea kuruka kamba na kuimba kiasi kilichomo.

Ugonjwa wenyewe niliuogopa, sitadanganya. Lakini shangazi alikuwa na hofu nyingine iliyokuwa kubwa kuliko korona, nayo ilikuwa kuitwa mwizi. Alipokuwa kijana huku Mbale aliona mwanamke mmoja, mtunza pesa wa kikundi, akitolewa nyumbani kwake kwa kelele, amevuliwa gauni, watu wakimtupia maganda, kwa sababu hesabu ilipungua. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa ameibiwa na mwanawe. Hakuna aliyemrudishia gauni lake, shangazi alikuwa akisema. Alikuwa na methali yake ambayo aliisema hata akitia uzi kwenye sindano: heri lawama kuliko fedheha. Sasa alianza kulala mguu mmoja nje ya kitanda, ukigusa sanduku, kwa kuwa tulikuwa tumelihamishia upande wa miguuni pake. Mtu akikohoa uani, aliamka. Mume wa mwanachama fulani akipita mara mbili, alinituma nichungulie anakokwenda. Aliacha kwenda chooni kabla mimi sijaketi mahali pake.

Kulikuwa na jioni moja ambayo mpaka leo ikinijia nakosa hamu ya kula. Jua lilikuwa limezama tu, sufuria ya uji iko jikoni, tukasikia viatu vizito getini na fimbo zikigonga mabati. Askari wa doria walikuwa wamemkuta kijana wa chumba cha mwisho akichota maji bombani. Tulimsikia akiomba, kisha tukasikia fimbo, kisha hatukusikia akiomba tena. Shangazi alilivuta sanduku, akalitupia mashuka, akalikalia kama kigoda. Pazia likafunuliwa, akaingia afande mrefu aliyefunika mdomo kwa leso.

"Nyinyi iko wangapi hapa?"

"Wawili, afande."

"Na hiyo umekalia ni nini?"

Shangazi akajibu kwamba ni nguo za watu, hazijashonwa, wateja hawawezi kuja kuzichukua. Afande alitazama sanduku, akatazama cherehani, akaziona barakoa zilizotundikwa kwenye kamba. Akachukua nne, akauliza kama zimefuliwa, akasema asante mama, akaondoka. Shangazi aliendelea kukaa pale hadi uji ulipoungua, na hata harufu ilipojaa chumba hakuinuka. Mwishowe alisema: "Wangelichukua, nani angeniamini?"

Barakoa hizo ndizo zilizotulisha. Shangazi alikuwa na gunia la vipande vya vitenge, akaanza kushona tangu wiki ya kwanza, nami nikazipeleka duka kwa duka nikijipitisha vichochoroni. Kila siku tulikula, japo uji na maharage, na wakati mwingine mukene, wale dagaa wakavu. Wenzetu hawakuwa na bahati hiyo. Mama Apolot alikuwa akiuza samaki wa kukaanga kwenye stendi ya mabasi, na stendi ikawa mahali pa kuku kutembea. Mumewe alikuwa askari jela, amefungiwa huko huko gerezani na wenzake ili wasiwapelekee wafungwa ugonjwa, na mshahara wake ulikuwa ukikatwa mkopo wa benki kabla haujamfikia, hivi kwamba kilichobaki hakikutosha unga wa wiki. Redio ilisema serikali inagawa chakula Kampala. Sisi Jinja tulikila kwa masikio. Nilikuwa nikisikia kupitia ukutani Mama Apolot akiwaambia watoto wake wanywe maji kwanza, kwamba chakula hupendeza zaidi tumbo likiwa limelowa. Shangazi alinituma nipeleke kikombe cha unga, leo hiki, keshokutwa kingine. Alitoa kwa moyo, naapa. Lakini kikombe cha unga na cherehani ni vitu viwili, na wanawake wa Tuinuane walikuwa na macho.

Mama Hilda ndiye aliyekuwa haonekani kupungua. Duka lake liliruhusiwa kufunguliwa kwa kuwa ni la chakula, bei ya unga ilipanda kila Ijumaa, na kila noti iliyotoka Nalufenya ilipita mkononi mwake. Hakuwa mwanamke mkali. Alipita ua wetu na barakoa ya hariri, akiuliza hali za watoto, akimpa huyu kipande cha sabuni na yule chumvi. Kwa sauti hiyo hiyo laini aliwaambia wenzake kwamba pesa yao ipo, imefungiwa tu, na kwamba yeye, kwa kuwa Mungu amemjalia, yuko tayari kumsaidia mtu: ampe nusu ya haki yake leo, noti mkononi, na siku sanduku likifunguliwa ile haki yote iwe ya Mama Hilda. Walishikana mikono mbele ya mashahidi wawili, kama watu wanaouziana mbuzi. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwuza ndizi. Baada yake sikuwa najua tena ni wangapi, maana walikwenda kwake wakipita nyuma ya nyumba.

Shangazi aliposikia alishika kichwa. Akampigia simu Hajati Zaituni, na Hajati, mama wa watu, akatafuta njia. Kulikuwa na dereva wa lori, Mkenya aitwaye Wafula, aliyekuwa akishusha chumvi kwa wenye maduka ya jumla Mbale kisha akiendelea na njia ya Jinja. Malori peke yake ndiyo yaliyokuwa yakitembea. Hajati akautoa ufunguo shingoni, akaufunga ndani ya mfuko wa nailoni, akampa Wafula. Siku zile madereva wa malori waliogopwa kuliko simba. Kila jioni redio ilisema wangapi wamekutwa na ugonjwa mpakani, na watu walikuwa wakiyarushia malori mawe. Niliagizwa nikasimame kando ya barabara kuu karibu na daraja. Wafula alipunguza mwendo bila kusimama, akautupa mfuko dirishani, akanipungia mkono. Niliuokota kwa kijiti. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeushika mbali na mwili, na nilipofika shangazi akautumbukiza ufunguo katika sufuria, akauchemsha kwa sabuni ya unga, akamwaga maji, akauchemsha tena. Sufuria ile hatukuitumia kupikia tena.

Siku iliyofuata wanawake walikuja watano watano, kwa kuogopa askari, wakasimama mbali mbali uani. Funguo zote tatu zilikuwa Nalufenya. Simu ikawekwa sauti ya juu, na Hajati akasema wazi, kila mtu akisikia: "Safina mwanangu, mimi nimeridhia. Mpe Mama Apolot afungue kwa niaba yangu, muwagawie watu haki zao." Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kuwazia nyama. Ndipo Mama Hilda, kwa ule upole wake, akauliza kama sheria imebadilishwa. Tulikubaliana, bannange, jamani, kila mwenye ufunguo afungue kwa mkono wake; sauti kwenye simu haina mkono; na ikikosekana hata shilingi mia moja, ataulizwa nani? Akamtazama shangazi wakati wa kuuliza. Hakuongeza neno. Nami nikamwona shangazi akibadilika rangi, nikajua amekwisha kurudi Mbale ya ujana wake, anamtazama mwanamke asiye na gauni. Akasema sanduku halitafunguliwa mpaka Hajati aje mwenyewe. Wanawake walinung'unika, mmoja akalia, wakatawanyika. Leo, nikiwa mtu mzima mwenye akiba yangu na madeni yangu, namwona Mama Hilda pale uani waziwazi kabisa: kila wiki ambayo sanduku lilibaki limefungwa, yeye alikuwa akinunua haki za wenzake kwa nusu bei. Lakini hata yeye hakulikalia sanduku. Sisi ndio tuliolikalia. Tuliweza kuishika sheria kwa sababu tulikuwa tumekula.

Siku chache baadaye Apolot, yule binti wa jirani, akashikwa na homa. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa akitetemeka hadi kitanda kikasikika kwetu. Boda hazikuruhusiwa kubeba mgonjwa bila kibali cha ofisi ya wilaya, na mwenye duka la dawa alitaka pesa mkononi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukopesha hadi rafu zikabaki tupu. Mama Apolot akaja mlangoni kwetu mchana, kamba ya ufunguo wake ikiwa imezungushwa kwenye vidole. Hakuingia. Alikuwa mwanamke wa Teso, Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, na hakuwahi kumwomba mtu kitu mbele yangu.

"Fundi," akasema, "ufunguo ya Hajati iko kwako. Yangu hii hapa. Ya Mama Hilda tutavunja kufuli, nitalipa."

Shangazi akamweleza yote aliyokwisha kuyaeleza. Akatoa noti mbili zilizokuwa zimebaki za barakoa, akamnyooshea. Mama Apolot akazitazama asizipokee.

"Mimi hapana omba pesa yako. Mimi naomba pesa yangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, na hofu iliyonishika haikuwa ya ugonjwa wala ya askari. Nilihofia kwamba shangazi atakubali, na nilihofia vilevile kwamba atakataa. Akakataa. Alikataa akilia, akimwita dada, akisema yeye ni mtu wa kuvuliwa nguo, watamvua, Mama Apolot hajui. Mama Apolot akavaa kamba shingoni, akaondoka kuelekea mjini. Jioni tukasikia chupa ya dawa ikifunguliwa upande wa pili wa ukuta, na mtoto akilalamika uchungu wake. Tukajua haki ya Mama Apolot imekwenda wapi. Mtoto akapona, Mungu ashukuriwe. Mama yake akaendelea kutusalimia, kwa maneno yale yale, ila akawa anasalimia akitembea.

Mabasi yaliporuhusiwa, abiria nusu na nauli maradufu, Hajati Zaituni alikuja na basi la kwanza alilolipata. Wanawake wote waliketi uani kwa mduara, barakoa nyusoni, nyingi zikiwa za shangazi. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la Idi. Usiku kucha hakulala, lakini safari hii ilikuwa kwa furaha. Alipolileta sanduku katikati alilipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio. Wenye funguo wakafungua, mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa mkono wake. Pesa ikahesabiwa, ikahesabiwa tena. Haikupungua hata sarafu. Shangazi akapumua kwa nguvu hadi barakoa yake ikabonyea, akatazama huku na huku akisubiri. Nadhani alisubiri vigelegele.

Wakaanza kuitwa. Mwuza ndizi akapokea haki yake, fungu zuri la noti, akainuka, akalipeleka kwa Mama Hilda, akarudi kuketi. Wa pili akapokea, akapeleka. Wa tatu, wa nne. Hakukuwa na ugomvi, walishikana mikono, mashahidi walikuwepo. Mama Hilda alikuwa na mkoba mweusi mapajani, na kila mara alisema asante dada, hata ikafika wakati akaacha kusema kwa kuchoka. Hajati Zaituni alikuwa na machozi. Mama Apolot akaitwa, akapokea, akavuka mduara, akapeleka. Wa mwisho akawa shangazi. Alipokea haki yake, akaishika kwa mikono miwili, akabaki amesimama, kwa sababu miongoni mwa maskini wote wa Tuinuane waliofungiwa Nalufenya yeye peke yake hakuwa na pa kuipeleka.

Ndipo akaona. Nilimtazama akiona. Akageuka kwa Mama Apolot, akamnyooshea fungu zima.

"Chukua, dada. Chukua hata nusu."

Mama Apolot alikuwa ameshainuka, anakung'uta vumbi kwenye kanga yake.

"Weka, fundi," akasema. "Hiyo ni yako. Umechunga vizuri."

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake. Kwa miezi ile yote shangazi alikuwa ameandaa majibu ya siku atakayoitwa mwizi. Nilikuwa nimemsikia akiyasema peke yake juu ya cherehani: leteni mashahidi, hesabuni, sanduku hili hapa. Sasa alikuwa tayari, na kila siku aliketi mlangoni akimsubiri wa kumtukana ili amjibu. Walipita kwenda bombani, wakasema habari ya asubuhi fundi, wakachota maji, wakaenda zao. Hakuna aliyemwita mwizi. Kabla mwaka haujaisha tukafunga mizigo tukaja Mbale.